Kumtathmini mtoto aliye katika mazingira hatarishi na familia yake: mwongozo wa hatua kwa hatua

Fomu ya tathmini ina maswali mengi, na mhudumu mpya huipenda kwa sababu inampa kitu cha kushika mkononi. Lakini kaya mbili zinaweza kujibu kila swali sawasawa: milo miwili kwa siku, nyumba ya udongo, mlezi mzee, baba hayupo. Mtoto wa kaya ya kwanza yuko salama, wa pili anadhoofika huku kila mtu akimwona. Kinachomwezesha mhudumu kuiona tofauti hiyo ni maarifa: jinsi mtoto anavyokua, anavyojenga mfungamano na mlezi wake, anavyoumia, na nini humsaidia kusimama tena. Ukiwa nayo, unajua uangalie wapi na uulize nini. Usipokuwa nayo, utajaza fomu vizuri na kuondoka bila kujua lolote.

Nawaandikia wahudumu wa ngazi ya jamii, maafisa ustawi wa jamii walioajiriwa karibuni, walimu wa malezi na wajumbe wa kamati za ulinzi wa wanawake na watoto. Taratibu ninazozitaja ni za Tanzania Bara. Ili tusielee hewani, tuchukue kaya ya kutunga, mfano wa nyingi zilizopo: kitongoji kimoja wilayani Muheza, bibi wa miaka sitini na kitu analea wajukuu watatu. Msichana ana miaka 12, mvulana 8, mdogo wao mwaka mmoja na nusu. Mama yao anafanya kazi za ndani Dar es Salaam. Mwalimu ameleta taarifa kwamba yule wa miaka 12 haji shule siku za gulio.

Hatua ya 1: Jua unapima nini

Mwaka 2000 serikali ya Uingereza ilitoa mfumo wa tathmini ambao umeigwa katika nchi nyingi. Una pande tatu: mahitaji ya ukuaji wa mtoto, uwezo wa mlezi kuyatimiza, na mazingira ya familia. Upande mmoja ukiukosa, hitimisho lako litakuwa na pengo. Ukitazama umaskini peke yake, utaona bibi anahitaji unga na sabuni. Ukimtazama bibi peke yake, utasema ni mkali. Ukimtazama msichana peke yake, utasema ni mtoro.

Urie Bronfenbrenner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliongeza jambo kubwa katika miaka ya 1970: mtoto hukua ndani ya matabaka. Kuna wanaomgusa kila siku, yaani nyumbani, shuleni na wenzake. Kuna uhusiano kati ya hao, kwa mfano bibi na mwalimu wanaongea au hawaongei. Halafu kuna mambo yanayotokea mahali ambapo mtoto hafiki kabisa, nayo yanamfikia. Mwajiri wa Dar es Salaam akichelewesha mshahara wa mama, pesa haitumwi kwa simu. Bibi anakopa dukani, hasira zinapanda, na msichana anatumwa gulioni kubeba machungwa ya watu. Yule mwajiri hajawahi kumwona mtoto huyu, lakini ni sehemu ya tathmini yako. Kwa hiyo ukikutana na tabia ya mtoto isiyoeleweka, panda tabaka moja juu, uliza, kisha panda jingine.

Hatua ya 2: Kusanya vilivyopo kabla ya kubisha hodi

Muulize mwalimu ameona nini kwa macho yake, lini, mara ngapi. "Familia ile ina matatizo" ni maoni tu. "Tangu shule zifunguliwe hajaonekana hata siku moja ya gulio" ni taarifa. Angalia daftari la mahudhurio mwenyewe. Muulize mwenyekiti wa kitongoji au balozi namna ya kufika na kama kuna shauri jingine linaloendelea, lakini usimweleze kilichokuleta zaidi ya anavyohitaji kujua. Siri ya familia ikianza kuzunguka kwenye kijiwe cha kahawa, mtoto ndiye atakayelipa.

Usiende na gari lenye nembo ya mradi kama unaweza kwenda kwa miguu. Gari hilo huleta matumaini ya misaada, na mlezi anayetarajia msaada atakueleza umaskini wake kwa undani huku mambo mengine akiyanyamazia. Simlaumu. Mtu yeyote mwenye njaa angefanya hivyo.

Hatua ya 3: Ingia kwa adabu, na uache daftari mfukoni

Anza kama mgeni yeyote mwenye adabu.

"Hodi, hodi wenyewe."
"Karibu."
"Shikamoo bibi."
"Marahaba mwanangu. Karibu kiti."
"Asante. Za hapa nyumbani? Wajukuu hawajambo?"

Swali hilo la mwisho ni salamu, lakini kwako ni swali la kwanza la tathmini. Bibi mmoja atasema "hawajambo" na kunyamaza. Mwingine atasema: "Hawajambo, ila huyu mdogo usiku kucha kakohoa, na kaka yake anadai kiatu kimembana." Mshike huyu wa pili akilini, tutarudi kwake.

Jitambulishe, sema unatoka wapi, sema wazi kilichokuleta na kwamba yatakayozungumzwa yatabaki kwa wanaohusika, isipokuwa pale usalama wa mtoto utakapodai wengine waambiwe. Sema hilo la mwisho mwanzoni kabisa. Ukilisema baada ya kusikia jambo zito, mlezi ataona umemtega.

Hatua ya 4: Tazama kama kuna hatari ya leo

Kabla ya yote, jiulize: mtoto yeyote hapa anaweza kudhurika vibaya usiku wa leo au wiki hii? Jeraha lisiloelezeka, dalili za ukatili wa kingono, mtoto mdogo anayeachwa peke yake, mlezi aliyelewa na mwenye vitisho, mtoto anayezungumzia kujiua, utapiamlo mkali. Ukiona mojawapo, tathmini ndefu inasubiri. Toa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku hiyohiyo. Simu ya bure ya huduma kwa mtoto ni 116. Pale ambapo kuna Kituo cha Mkono kwa Mkono, mtoto hupata daktari, polisi na ustawi mahali pamoja.

Mtoto aliyebakwa afike hospitali haraka iwezekanavyo, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72. Asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe kabla ya kuonwa. Usimhoji kwa undani wewe. Mwenye mafunzo atafanya hivyo. Kazi yako ni kusikiliza alichosema, kukiandika kwa maneno yake, na kumwambia amefanya vema kusema.

Usidhani mambo haya ni nadra. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 nchini walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mwanajamii yeyote wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa anapokuwa na ushahidi kwamba haki za mtoto zinakiukwa.

Hatua ya 5: Mtazame kila mtoto kwa umri wake

Anza na yule mdogo, kwa sababu hawezi kujieleza. Omba kadi ya kliniki. Soma mstari wa uzito: unapanda, umelala au unashuka? Mtoto mwenye afya huweza kukaa bila kushikwa kufikia miezi 9 hivi na kutembea peke yake kufikia miezi 18. Aliyechelewa apelekwe kituo cha afya. Usimtangazie mlezi ulemavu kwa kukisia.

Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, tumia utepe wa rangi wa kupimia mkono wa juu. Chini ya sentimita 11.5, rangi nyekundu, ni utapiamlo mkali. Kati ya 11.5 na 12.5, njano, ni utapiamlo wa kadiri. Bonyeza pia miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde tatu. Kishimo kikibaki pande zote mbili, huo ni uvimbe wa utapiamlo mkali hata kama utepe unasoma kijani. Mtoto wa namna hii huonekana mnene, na ndiyo maana hupitwa.

Kwa wakubwa, mambo ni mengine: shule, usingizi, kazi anazofanya na kwa saa ngapi, marafiki. Kumbuka pia kwamba mfadhaiko wa muda mrefu hujitokeza kwa sura zinazopingana. Mmoja anakuwa mgomvi. Mwingine anakuwa mtiifu kupita kiasi, anafagia, anachota maji, anamlea mdogo, hasumbui mtu. Huyu wa pili ndiye asiyeandikwa popote. Yule msichana wa miaka 12 akikuletea kiti, akachukua mtoto mgongoni, akarudi jikoni bila kuinua macho, usimsifu tu. Jiulize nani anamlea yeye.

Hatua ya 6: Pima uhusiano, maana humo ndimo penye jibu

Hapa ndipo ninapowasihi wahudumu wasiwe na haraka.

Nadharia ya mfungamano ilianzishwa na John Bowlby, daktari wa Uingereza, aliyeonyesha kwamba mtoto mchanga anahitaji mtu wa kumkimbilia kama anavyohitaji chakula. Lakini utafiti mmojawapo wa mwanzo kabisa wa kulithibitisha jambo hilo majumbani ulifanyika kwetu huku. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954, akawa anatembelea kaya 26 vijijini Buganda kwa miezi, akiwatazama mama na watoto wao katika shughuli za kawaida. Aliona kwamba mtoto mwenye mfungamano salama humtumia mlezi kama kituo: anatambaa mbali kidogo, anachunguza vitu, anageuka kumtazama, anarudi akitishika. Na aliona jambo ambalo mhudumu yeyote anaweza kulitumia kesho asubuhi: mama ambao watoto wao walikuwa na mfungamano salama walikuwa wasimuliaji wazuri. Walimweleza mgeni habari za mtoto kwa undani, bila kuulizwa.

Sasa mrudie yule bibi wa kikohozi na kiatu. Umaskini wake ni ule ule wa jirani yake, lakini anawaona watoto. Kwa hiyo badala ya kuuliza "Je, unampenda mjukuu wako?", sema: "Bibi, nisimulie habari za huyu. Akiamka asubuhi anakuwaje? Akiudhika anamwendea nani?" Kisha nyamaza. Sikiliza kama kuna mtoto halisi ndani ya maelezo, au kuna malalamiko tu.

Tahadhari moja. Nadharia hii imefundishwa mara nyingi kana kwamba mtoto ana mtu mmoja tu, mama yake mzazi. Kwetu mtoto hulelewa na mikono mingi, na kukaa kwa bibi au shangazi peke yake si dalili ya kutelekezwa. Uliza ni nani na nani mtoto anawakimbilia. Wakiwa wawili au watatu wa kudumu, vizuri. Kinachodhuru ni kutokuwa na yeyote, au kuhamishwa nyumba hadi nyumba kila anapoanza kuzoea.

Jambo la pili ni gumu zaidi: kutofautisha heshima na woga. Mwaka 1999 msichana wa Ivory Coast, Victoria Climbié, alikuwa akiishi London na shangazi wa mzazi wake. Alipokuwa mbele ya walezi wake alisimama wima kama askari. Mfanyakazi wa ustawi aliyekabidhiwa shauri lake alichukulia kwamba hiyo ni heshima ya kawaida katika familia zenye asili ya Kiafrika. Victoria alikufa Februari 2000, akiwa na miaka 8, mwili wake ukiwa na majeraha 128. Uchunguzi rasmi wa kifo chake, ulioongozwa na Lord Laming na kutolewa mwaka 2003, ulitaja nafasi zisizopungua 12 ambazo idara mbalimbali zingeweza kuingilia kati.

Kosa lile la London tunaweza kulifanya hata hapa, tena kwa urahisi zaidi, kwa kuwa sisi wenyewe tulilelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa. Tazama mambo madogo. Mtoto mwenye heshima anapiga magoti kusalimia, kisha mwili wake unalegea na anarudi kucheza. Mtoto mwenye woga halegei. Anafuatilia mikono ya mlezi kwa macho, anasita kabla ya kujibu jambo dogo kama jina la mwalimu wake, na sauti yake inabadilika mlezi akitoka uani. Ukirudi siku nyingine kwa ghafla, je, mambo ni yale yale?

Kuhusu viboko utaambiwa, "Namfunza adabu." Usianze mabishano barazani. Sheria ya Mtoto inakataza adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha, na inasema kumrudi mtoto hakukubaliki kukizidi kiasi kwa umri na hali yake. Uliza alichapwa kwa nini, kwa kutumia nini, wapi mwilini, na nini kilifuata. Mimi siamini kwamba fimbo inafunza kitu, na nawaambia walezi hivyo baada ya kuzoeana. Lakini mhudumu anayehubiri siku ya kwanza hatasikia ukweli siku ya pili.

Hatua ya 7: Zungumza na mtoto mwenyewe

Sheria hiyo hiyo inampa mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni haki ya kusikilizwa na kushirikishwa katika uamuzi unaomhusu. Mwombe bibi nafasi, na mkae mahali mnapoonekana lakini hamsikiki: chini ya mwembe, ukingoni mwa uwanja. Usijifungie naye chumbani. Mtoto wa miaka 8 atazungumza vizuri zaidi mkono wake ukiwa na kazi. Mpe kijiti achore nyumba yao kwenye mchanga, akuonyeshe nani analala wapi. Hapo utajua mengi bila swali la moja kwa moja.

Maswali yawe wazi: "Jana baada ya shule ilikuwaje?" Usiulize "Bibi anakupiga, sivyo?" kwa maana umeshamwekea jibu mdomoni. Na akisema, "Nikikwambia usimwambie mtu," usiahidi. Mwambie: "Nitawaambia wale tu wanaoweza kukusaidia, na nitakwambia ni kina nani."

Hatua ya 8: Tafuta nguvu kwa bidii ile ile unayotafutia hatari

Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake walifuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955 hadi utu uzima. Miongoni mwa waliokulia katika hatari nyingi kwa pamoja, karibu theluthi moja walikua wakawa watu wazima wenye uwezo na utulivu. Jambo lililojirudia kwao ni kwamba walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewajali bila kuyumba, akiwa mzazi, bibi, mwalimu au jirani.

Kwa hiyo muulize msichana: "Ukipata shida, nani unamwambia?" Akitaja mtu, liandike jina hilo, maana mpango wako utamtegemea. Angalia pia vikoba, kanisa au msikiti, madrasa, mjomba anayetuma chochote, na kama kaya imo katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii). Nguvu hazifuti hatari. Bibi mwenye upendo anaweza pia kuwa haoni vizuri kiasi cha kutosoma kadi ya kliniki.

Hatua ya 9: Andika ulichoona, kando na unachodhani

Gawa ukurasa sehemu mbili. Kushoto: "Saa 4 asubuhi, siku ya shule, msichana alikuwa nyumbani akimwogesha mdogo wake. Bibi alisema goti linamuuma." Kulia: "Huenda utoro unatokana na afya ya bibi, si gulio peke yake." Maneno kama "mchafu", "mkaidi", "familia isiyojali" yasikae kushoto kamwe. Andika siku hiyohiyo.

Hatua ya 10: Pinga wazo lako la kwanza

Akili ya binadamu ikishapata maelezo huacha kutafuta. Victoria alipofikishwa hospitali Julai 1999, daktari mmoja aliamua kwamba alama mwilini mwake zilitokana na upele, na baada ya hapo shaka ya ukatili ikazimika, ingawa wengine walikuwa wameiona. Basi kabla ya kuhitimisha, andika maelezo mawili mengine yanayoweza kueleza yale yale uliyoyaona, na ujiulize ni taarifa gani ingekuonyesha kwamba umekosea. Katika kaya yetu: ni gulio? ni goti la bibi na kulea mdogo? au kuna mtu njiani kwenda shule ambaye msichana anamkwepa? Hilo la tatu hutalijua bila kumuuliza yeye, na kutembea naye njia hiyo.

Mweleze msimamizi wako shauri zima. Ukimpa hitimisho tu, atakubaliana nawe, na hutakuwa umepata msaada wowote.

Hatua ya 11: Panga pamoja nao, kisha rudi

Wasomee ulichoelewa, kwa lugha rahisi, waseme ulipokosea. Halafu pangeni mambo machache, kila moja na mwenye kulifanya na tarehe. Bibi apelekwe kituo cha afya kwa goti, na mjomba ndiye atampeleka. Cheti cha kuzaliwa cha mdogo kifuatiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi. Mwalimu na bibi wakutane. Jirani aliyetajwa na msichana aombwe kukaa na mdogo siku za gulio. Mama apigiwe simu, kwa sababu yeye bado ni mzazi na uamuzi haupaswi kumpita.

Rudi ndani ya wiki mbili, mapema zaidi kama hatari ni kubwa. Angalia daftari la mahudhurio upya, pima mkono wa mdogo upya, zungumza na msichana peke yake tena. Mahudhurio yakipanda lakini yeye bado hainui macho, tathmini haijaisha. Na shauri lisifungwe kwa simu. Anayelifunga awe amefika nyumbani hapo na kuwaona watoto wote watatu.